Fisi Niliyemchora Mara Mbili

Vijana mnaochora vitabu vya watoto, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi hii zamani, nami nikakubali kabla ya kufikiri. Tangu asubuhi nakaa, nainuka, naenda kuchungulia barabarani, narudi. Binti yangu ananicheka. Anasema, mama, umestaafu, hakuna mtu anayekuja kukuuliza mchoro. Namjibu kwamba mkono umestaafu lakini miguu bado. Basi mnivumilie nikirukaruka. Nitaandika mambo yanavyonijia, maana nikingoja yajipange, hayataandikwa.

Naitwa Zamzam. Nilizaliwa Arua mjini, upande wa Wanubi. Baba alikuwa askari, mama alisuka tabaga, zile sinia za majani yenye rangi tunazofunikia chakula. Kuanzia mwaka wa sabini na moja mpaka vita viliponivusha mpakani Vurra kuingia Kongo mwaka wa sabini na tisa, kazi yangu ilikuwa kuchora picha za vitabu vya watoto. Sikuajiriwa na mtu. Kazi ikija nachora, isipokuja nakaanga mandazi. Siku hizi mnaita kujitegemea. Sisi hatukuwa na jina lake. Majirani walisema tu, yule mwanamke wa wino.

Aliyenipa kazi ya kwanza alikuwa Mwalimu Onzima, Mlugbara wa Pajulu, mrefu, mwenye kukohoa kila alipotaka kukataa jambo. Alifundisha mchana, na jioni aliandika hadithi fupi za kusomea, kwa Kilugbara na kwa Kiswahili. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mimi nilichora kwa wino kwenye karatasi nyeupe, michoro ikikubaliwa nikaifuatisha kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi ya nta. Ukibonyeza sana, nta inachanika na uso wa mtoto unatoka na doa kama ana ndui. Ukibonyeza kidogo, mtoto hatoki kabisa. Kosa lilizibwa kwa dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, na mtu akizibaziba sana alitoka mle chumbani akiyumba.

Hadithi ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya msichana aliyepeleka mtungi kisimani. Nilikuwa na haraka. Nilichora ukurasa wa kwanza siku niliyopewa, kurasa nyingine baadaye, nikapeleka nikiwa na furaha. Mwalimu aliangalia, akakohoa. Alinipeleka darasani kwake, akaniketisha nyuma na kuniambia nifunge mdomo. Watoto wakapewa kurasa. Msichana mmoja, Driciru, akainua mkono akauliza, huyu wa pili ni nani, na yule wa kwanza amekwenda wapi? Kumbe ukurasa wa kwanza gauni lilikuwa na mikono, na ukurasa wa tatu halina, na mtungi umekua. Darasa zima likaanza kumhangaikia msichana wa kwanza. Mmoja akasema ameliwa na chui. Wengine wakakubali, na mwalimu hakuweza tena kusoma hadithi yake, kwa sababu watoto walitaka ile ya chui.

Tangu siku hiyo sikugusa ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote kabla ya kumchora mtu wake peke yake: mbele, ubavuni, mgongoni, akikaa, akikimbia, akilia. Karatasi hiyo niliibandika ukutani, na kila nilipochora nilimtazama. Na tangu siku hiyo sikupeleka kazi kwa mchapaji kabla watoto hawajaiona. Mkiwaonyesha watoto, msieleze. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Ulimi unawasha. Unataka kusema hapa ni mto, hapa mama amekasirika. Nyamaza. Ukieleza, unachora kwa mdomo, na mdomo wako hautasafiri na kitabu.

Mama yangu naye alinifundisha bila kujua. Akisuka tabaga, mara kwa mara aliigeuza juu chini na kuiangalia kwa mbali. Nikamuuliza kwa nini. Akasema macho yanazoea uongo, geuza yashtuke. Nikaanza kugeuza michoro yangu. Fanyeni hivyo. Mchoro uliopinda hujificha ukiwa wima, ukiugeuza unaonekana mara moja.

Sasa nifike kwenye fisi, maana najua ndiye mnayemtaka.

Siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na kambini kulikuwa na watoto wengi waliotoka kila upande, hawana lugha moja ya kusomea. Mwalimu Onzima aliombwa atengeneze kitabu kidogo cha Kiswahili kwa ajili yao. Aliyeleta maombi hayo kutoka kambini alikuwa Kapteni Duku, Mkakwa wa Koboko, aliyesimamia mambo ya familia za askari. Mwalimu akaandika hadithi ya fisi aliyejitangaza mlinzi wa ngoma ya wanyama, kisha akaikalia ngoma, asiache mtu apige. Mwishoni wanyama wanapiga makofi badala ya ngoma, wanacheza, na fisi anabaki peke yake amekalia ngoma yake. Hadithi ya watoto. Tuliisoma tukacheka. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Fisi nilimjua. Nyuma ya machinjio walikuwa wakija jioni, niliwatazama kutoka juu ya ukuta. Mabega juu, makalio chini, shingo mbele kama anayenusa deni. Nilimchora kwanza kwenye karatasi ya kubandika ukutani, nikamweka katika kila ukurasa. Nilimpenda. Nilipeleka Pajulu kwa watoto, nikakaa nyuma, nikafunga mdomo kama nilivyofunzwa.

Watoto walicheka. Halafu mmoja wao akainuka, akavimbisha kifua, akatembea mbele ya darasa akiburuta mguu mmoja na shingo ameisukuma mbele, na darasa zima likapiga kelele jina moja, "Kapteni! Kapteni!"

Kapteni Duku alikuwa na mguu mbovu. Kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yetu kwenda kambini, na mimi kila asubuhi nilikuwa mlangoni. Naapa sikumkusudia. Lakini mchoraji huokota vitu kwa macho bila kujua, na mkono unavitoa siku unayotaka wenyewe. Nilimtazama fisi wangu juu chini, nikamgeuza, na kila nilivyomgeuza alikuwa Kapteni.

Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua hofu ile ilikuwa na ukubwa gani. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno. Jirani anaitwa mlangoni, anatoka na kandambili miguuni, na kandambili hazirudi. Mwalimu alikusanya kurasa haraka, akawaambia watoto ni fisi tu, na tukaamua tuzifiche tufikiri. Lakini darasa lina watoto wengi, na kila mtoto ana nyumba.

Kapteni alikuja kwangu mchana, jua kali, mama akiwa uani anachovya majani kwenye rangi. Askari mmoja alibaki nje barabarani. Kapteni aliingia, akamsalimia mama kwa heshima, akauliza habari ya baba yangu aliyekuwa marehemu, kwa sababu walijuana. Kisha akakaa, akanyosha mguu wake, akasema anataka kuona kitabu cha watoto wake. Sikuwa na la kufanya. Kurasa zilikuwa kwangu, chini ya godoro. Nilizitoa.

Alizitazama moja moja. Hakuna kitu kirefu kama mtu anayetazama mchoro wako akiwa kimya, hata siku ya kawaida. Alipofika mwisho alirudi ukurasa wa kwanza.

"Hii fisi," akasema, "iko natembea namna gani?"

Nikasema, "Afande, fisi yote iko hivyo. Mungu aliumba yeye nyuma chini."

Akanitazama. "Hii mguu yangu si Mungu alifanya. Risasi ndiyo alifanya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake nyekundu ya rangi mpaka kwenye kiwiko. Kapteni aliweka kurasa zote ndani ya bahasha aliyokuja nayo, kumbe alikuja nayo tayari, akainuka, akamuaga mama, akaondoka. Hakusema nitarudi, hakusema usichore tena. Angesema lolote ningejua pa kushika.

Sikuweza kukaa nyumbani. Nilipanda lori la mkaa kwenda Koboko kwa dada yangu mkubwa. Nilipofika Koboko nikaona askari wengi kuliko Arua, maana kule kila nyumba ina mtoto jeshini. Dada aliniambia tulia. Nilifua nguo zilizo safi. Nilifagia uwanja mpaka akaninyang'anya ufagio. Lori likisimama nje nilikuwa tayari nimevaa viatu. Mwishowe dada akasema, "Wewe uko nachosha nyumba yangu. Kama ni kukamatwa, watakukamata hata hapa. Rudi kwa mama, yeye iko peke yake." Alisema kwa ukali, lakini alinifungia sukari na majani ya chai, na alinisindikiza mpaka lori likatoweka.

Niliporudi Arua, Mwalimu Onzima alikuwa akiningoja kwa mama. Aliniambia kambini bado wanauliza kitabu. Kukaa kimya ndiko kutaonekana kama kukiri kwamba fisi alikuwa Kapteni. Lazima kitabu kitoke, na lazima kiwe na fisi mwingine.

Hapa ndipo nataka mkae vizuri, kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi.

Nilimnyosha fisi mgongo. Nikainua makalio, nikairudisha shingo. Nilichora usiku na mchana sikula. Nilipowaonyesha watoto wa Pajulu, wakasema ni mbwa. Mbwa gani anakalia ngoma? Nikampunguza mabega, wakasema ni mbuzi mgonjwa. Nikarudi nyumbani nikachana yote. Mwalimu akasema abadilishe mnyama, aweke kima. Nikamwambia hapana. Nilishangaa mwenyewe nilivyokataa, maana woga ulikuwa wangu kuliko wake. Lakini kima hawezi kukaa mahali pamoja akanyamaza, na hadithi nzima ni ya mtu anayekaa. Mchoraji akiona maneno hayasimami na picha, aseme. Mwandishi anaweza kukohoa, asikohoe, wewe sema.

Nilizunguka uwanja wa mama nikizungumza peke yangu. Mama alikuwa amegeuza tabaga yake juu chini, kuku akaja akajificha chini yake, ukabaki mkia tu. Mtoto wa jirani akaacha mchezo wake, akalala kifudifudi kumchungulia yule kuku. Kuku wazima walikuwepo tele pale uwanjani. Hakuwatazama. Alimtaka yule asiyeonekana.

Nikaanza upya. Ukurasa wa kwanza, masikio mawili juu ya nyasi. Wa pili, macho ndani ya kivuli cha ngoma. Wa tatu, fisi amekalia ngoma lakini tembo amesimama mbele yake, unaona ncha ya mkia na ukucha. Hakuna ukurasa ambao fisi alitembea. Hakuna mguu. Mwalimu alipoona alikohoa mpaka nikampa maji. Alisema kitabu cha fisi bila fisi ni kuwadanganya watoto. Tukabishana kweli, hata mama akatoka kuangalia kuna nini. Nikamwambia tusiulizane sisi, tuwaulize wao.

Darasa halikucheka. Nilidhani nimeshindwa. Kisha nikaona vichwa vimesogea pamoja juu ya karatasi, na Driciru akanong'ona, "Iko hapa," na mwingine, "Hapana, iko hapa." Walivamia kila ukurasa kumtafuta. Walipofika mwisho walirudi mwanzo bila kuambiwa. Mwalimu Onzima alisimama ubaoni na chaki mkononi, na hakukohoa.

Kitabu kilitoka, kurasa chache zilizobanwa kwa pini, kikapelekwa kambini. Siku nyingi nilikuwa nikisikia gari nakwenda uani. Halafu asubuhi moja Kapteni akapita kama kawaida, akasimama mbele ya mlango wetu. Hakuingia.

"Nilitafuta huyo fisi yako," akasema. "Kurasa ingine mimi sikupata. Mtoto yangu alinionyesha."

Akaendelea na safari yake. Nilibaki nimeshika nguzo ya mlango. Mpaka leo sijui kama alinisamehe, au alikuwa akinionya, au alitaka tu kusema neno moja kuhusu mtoto wake kwa mtu yeyote. Zile kurasa za kwanza hakunirudishia. Ndiyo maana nawaambia wachoraji wote, fanya nakala kabla mchoro haujatoka mkononi mwako. Mimi sikufanya, na yule fisi wa kwanza alikuwa bora kuliko wanyama wote niliowachora baadaye.

Baada ya hapo nilichora vitabu vingine. Nilichora kuku, masoko, watoto wakivuka mto. Nilijifunza kuacha nafasi ya maneno, maana mwanzoni nilijaza karatasi na mwandishi akabaki na kona. Nilijifunza kuuliza kabla ya kuanza, nikikosea nitarudia mara ngapi, na mwandishi akibadili hadithi nani atabeba kazi. Ulizeni hayo mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja. Vita vilipokuja nilivuka Vurra nikiwa na kalamu zangu ndani ya sufuria ya wali na mama nyuma ya baiskeli ya mtu tusiyemjua. Mwalimu Onzima alibaki Pajulu, akaifukia mashine yake shambani. Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla ya vita kulikuwa na jambo moja, nami nimekuwa nikilizunguka tangu asubuhi.

Kapteni Duku alichukuliwa. Si na adui, na wenzake wa jeshi. Alitoka kambini akiwa ameitwa mkutanoni, hakurudi, na nyumba yake ilipekuliwa. Waliondoka na karatasi zote, pamoja na picha za ukutani. Asubuhi mlangoni kwetu hakupita mtu.

Baada ya muda mkewe alikuja, Mama Zubeda, mwanamke mnene aliyekuwa amepungua ghafla, gauni likimning'inia. Alikuja na mtoto wake wa mwisho, wa kiume, anayesoma madrasa. Alikaa pale pale alipokaa mumewe. Alisema anarudi kwao Koboko na watoto, na hana picha ya baba yao hata moja. Mdogo ameanza kumsahau. Amesikia kwa watu kwamba mimi najua mumewe anavyotembea.

Nikamwambia nitajaribu, nitamchora amekaa, amevaa kofia, anapendeza.

"Amekaa hapana," akasema. "Chora yeye natembea. Na mguu yake usinyoshe. Ukinyosha, watoto watasema huyu mutu si baba."

Nilichora pale pale, yeye akinitazama, na mama yangu akimshikia chai ambayo hakunywa. Nilifikiri sana aelekee upande gani. Katika kitabu anayeelekea kulia anakwenda, anayeelekea kushoto anarudi, kwa sababu macho ya msomaji hutoka kushoto. Hiyo ni kanuni ya kazi yetu, mtaijua. Nikamwelekeza kushoto. Nilitaka awe anarudi. Nilimpa shingo yake, kifua chake, mguu wake. Wino ulipokauka nikampa Mama Zubeda mchoro, na yeye akautazama muda mrefu, kisha akaushusha mtoto aone.

Mtoto aliweka kidole upande wa kulia, kama anavyoanza kila mstari wa msahafu wake, akakipeleka kushoto mpaka kikafika kwenye uso.

"Baba iko naenda," akasema.

Sikuwa nimefikiri hilo. Nilinyosha mkono haraka, nikamwambia Mama Zubeda anipe, nitachora mwingine sasa hivi, anayeelekea huku, haitachukua muda.

Yeye aliukunja mchoro ndani ya kanga yake.

"Wacha," akasema. "Mtoto amesoma vizuri."